Kipakiti Ndani ya Mkoba: Kampuni Zinavyomfikia Mzazi Kupitia Nasari

Mtoto akirudi kutoka nasari na kipakiti cha biskuti, au karatasi yenye picha ya kopo la uji wa unga, mama akimuuliza kimetoka wapi, jibu ni moja tu: "Nimepewa na mwalimu." Hataji kampuni, maana haijui. Anamjua mwalimu, na kwa mtoto wa miaka minne neno la mwalimu liko juu hata ya neno la babake.

Jibu hilo ndilo kampuni inalolilipia.

Wengi wetu hudhani kampuni ikija nasari na zawadi inamwandama mtoto. Mtoto hana pesa. Anayetafutwa ni mzazi. Tangazo la redio mzazi hulisikia akijua ni tangazo, na bango la barabarani hapa Ukunda hulipita bila kuligeukia. Lakini karatasi iliyokuja ndani ya mkoba, imekunjwa pamoja na daftari la kuandikia, huisoma kama barua ya shule. Biashara imeingia nyumbani ikiwa imevaa heshima ya mwalimu.

Tuangalie inavyofanyika hapa kwetu Diani. Nasari nyingi za binafsi kuanzia Mwamambi hadi Bongwe ni nyumba ya kukodi, vyumba vitatu, ua mdogo na bembea moja. Zinaishi kwa karo ya mwezi. Inapofika Aprili hadi Juni wageni hupungua, mahoteli hupeleka wafanyakazi likizo isiyo na malipo, na karo huchelewa. Kodi ya nyumba haichelewi, wala tumbo la mwalimu. Hapo ndipo wakala huja. Yuko tayari kupaka ukuta rangi, bora jina la bidhaa liandikwe. Yuko tayari kuleta viti vya plastiki, au fulana za sherehe ya kufuzu, ile ambayo watoto wa miaka mitano huvishwa majoho kama maprofesa. Anachotaka ni nusu saa katika mkutano wa wazazi, au fomu zipelekwe nyumbani zirudi zimejazwa. Pengine kuna na asilimia kidogo kwa kila mzazi atakayejisajili.

Simlaumu sana mwalimu mkuu anayekubali. Mtu anayedaiwa kodi ya miezi miwili hatazami kipaji cha mgeni aliyebeba viti. Lakini mzazi ana haki ya kujua kilichouzwa, kwa sababu si cha mwalimu kukiuza.

Chukua hiyo fomu. Inauliza jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, jina la mzazi, nambari ya simu, pengine na kazi ya mzazi. Imeandikwa juu kwamba ni ya kushindania mkoba wa shule. Shemeji yangu aliijaza moja, na wiki mbili baadaye akapigiwa simu na muuza bima ya elimu aliyemtaja mwanawe kwa jina na kujua mwaka atakaoingia darasa la kwanza. Mkoba hakuushinda. Bima yenyewe si kitu kibaya lazima, ila mtu anayeijua tarehe ya kuzaliwa ya mwanao huwezi kumkatia simu kama unavyomkatia mtu baki, na yeye analijua hilo.

Biashara hii ya majina si ndogo. Uingereza kulikuwa na kampuni ikiitwa Bounty, maarufu kwa kuwagawia wazazibari mifuko ya zawadi mpaka kwenye wodi za hospitali: nepi, krimu, vitu vya kuonja. Mama aliyelala kitandani na mtoto mchanga alijaza kadi. Mwezi Aprili 2019 afisi ya serikali ya huko inayolinda taarifa za watu iliitoza kampuni hiyo faini ya pauni 400,000, baada ya kugundua kuwa taarifa za watu zaidi ya milioni 14 zilikuwa zimepewa kampuni nyingine, zikiwemo za kupima uwezo wa watu kulipa mikopo. Ndani yake mlikuwa na tarehe za kuzaliwa za watoto na kama ni wa kike au wa kiume. Mfuko wa bure ulikuwa umelipiwa zamani.

Sisi nasi tuna sheria, tena kali kuliko wengi wanavyojua. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema taarifa za mtoto hazishughulikiwi bila idhini ya mzazi au mlezi, na taarifa za mtu yeyote hazitumiwi kwa biashara bila yeye mwenyewe kukubali waziwazi, isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Mwezi Septemba 2023 Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule ya Roma, kule Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ya ruhusa ya wazazi. Picha tu. Sasa fikiria orodha nzima ya majina na nambari za simu. Mzazi anaweza kupeleka lalamiko kwa afisi hiyo, na sheria inataka lichunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. (Na hapa Diani tusisahau yule mgeni wa hoteli anayeletwa nasari na mfuko wa pipi, akapiga picha na watoto, zikaenda mitandaoni Ulaya kabla hajarudi chumbani. Huyo hauzi bidhaa, lakini shule iliyomfungulia mlango iko chini ya sheria hiyo hiyo.)

Upande wa maziwa ya unga, ulimwengu ulijifunza mapema na kwa gharama kubwa. Mwaka 1939 daktari Cicely Williams alisimama mbele ya klabu ya Rotary ya Singapore akalaani waziwazi uuzaji wa maziwa ya kopo kwa mama wenye watoto wachanga. Watoto walikuwa wakifa. Kampuni zilikuwa zimewavisha wanawake nguo za wauguzi, wakawaendea wazazi, nao wazazi wakaamini kwamba ni hospitali inayosema. Ilichukua miaka 42 zaidi. Mwezi Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia utangazaji wa vibadala vya maziwa ya mama kwa kura 118 dhidi ya moja, nayo ni ya Marekani. Kenya ikatunga sheria yake mwaka 2012: hakuna matangazo, hakuna makopo ya bure, hakuna zawadi kwa mama wala kwa muuguzi. Chupa na chuchu zake nazo zimo.

Sheria hiyo inashika miaka miwili ya kwanza ya mtoto, muda ule ule wa kunyonyesha uliotajwa katika Sura ya al-Baqara. Mtoto wa nasari ameshauvuka. Kwa hiyo yale maziwa yanayoitwa ya kukuza mtoto, ya miaka mitatu na kuendelea, huweza kuletwa nasari kwa kopo linalofanana rangi na maandishi na lile la mtoto mchanga. Na mama anayekuja kumchukua mwanawe saa sita mara nyingi ana mwengine amembeba kiunoni. Anayegawa makopo getini anamwona huyo wa kiunoni vizuri sana.

Kuhusu vitamutamu, Mkutano huo huo wa Afya ulipitisha mapendekezo mwezi Mei 2010 kwamba mahali wanapokusanyika watoto pasiwe na utangazaji wowote wa vyakula vyenye sukari, chumvi au mafuta mabaya kwa wingi. Nasari zimetajwa humo kwa jina. Lakini ni mapendekezo, na pendekezo halimfukuzi wakala wa soda.

Si kila kiletwacho ni mtego. Sisi tuliosoma miaka ya themanini tulikunywa Maziwa ya Nyayo, mpango ulioanza 1979, na hakuna aliyejazishwa fomu wala aliyepigiwa simu. Yalikuwa ya serikali, yakanyweka, yakaisha. Colgate nayo tangu 1991 ina mpango wa kufundisha watoto wa nchi nyingi kupiga mswaki, na somo lenyewe ni la kweli: meno yasiyosuguliwa huoza. Kipimo changu ni hiki: je, somo lingebaki lile lile kama jina la kampuni lingefutwa? Kama ndiyo, mwalimu alifundishe mwenyewe. Wazee wetu walisugua meno kwa kijiti cha mswaki, kisichoandikwa jina la mtu.

Chekechea kwa Katiba ya 2010 ni kazi ya kaunti, na Kwale imejenga vituo vingi tangu 2013. Lakini afisa wa kaunti hawezi kusimama kwenye kila geti la Ukunda. Kazi inabaki kwa kamati ya wazazi, na si ngumu. Anayetaka kuja aandike barua aseme analeta nini na anataka nini. Barua isomwe mkutanoni. Orodha ya wanafunzi isitoke afisini. Kitu cha kula kisitiwe mkobani bila mzazi kuarifiwa, maana wapo watoto wanaodhurika na njugu au maziwa, na hilo peke yake lingetosha kumzuia mtu.

Na pesa je? Hapo ndipo pagumu. Pwani tuna mfano mmoja wa zamani: mpango wa nasari za madrasa ulioanza Mombasa mwaka 1986 kwa msaada wa Aga Khan, ambapo jamii yenyewe ilitoa chumba, wazazi wakatoa kamati, na mama wa mtaa wakafunzwa ualimu. Baadaye ulifika Zanzibar na Uganda. Ulikuwa na mfadhili, ndiyo, lakini mfadhili huyo hakuwa na biskuti ya kuuza. Nasari ya kukodi ya Mwamambi haina Aga Khan. Ina wazazi 60, na wengine kati yao wanapika, wanashona, wanapaka rangi kwa riziki yao. Ukuta wa vyumba vitatu ni kazi ya Jumapili moja kwa mafundi wawili waliosamehewa karo ya mwezi.

Muhula wa tatu ndio wa sherehe za kufuzu, na wakati huo ndipo wafadhili wa fulana hujitokeza. Mzazi mwenye swali aliulize kabla fulana hazijachapishwa.