Je, Wajua? Koboko Moyo Hunywewa

Niletee moyo, nina kiu!
Ukisikia mtu akiomba "moyo" kivulini Koboko, Uganda, usikimbie, si mchawi. Kwa Kinubi, moyo ni maji. Lugha hiyo ilitokana na Kiarabu cha askari wa Sudani waliokuwa na Emin Pasha katika karne ya 19, na Wasudani huyaita maji "moya". Mtafsiri asiyelijua hilo atampeleka mwenye kiu kwa daktari wa moyo.

Kilomita hazifiki 60, koo ni nne
Kati ya Arua na Koboko utasikia Kilugbara, nduguye Kimadi, Kikakwa, kilicho ukoo mmoja na Kimaasai cha Ngorongoro (naam, Kimaasai!), Kinubi, mjukuu wa Kiarabu, na Kiswahili, Mbantu. Neno moja la Kiingereza likishuka stendi hapo hupokewa na wenyeji wanne, kila mmoja na mkeka wake.

Rhino Camp haikupewa jina na wakimbizi
Kiingereza husema "camp" kwa mahema ya wakimbizi, ya wanajeshi na ya wawindaji bila kubagua. Ndiyo maana wengi hudhani Rhino Camp, ng'ambo ya magharibi ya Nile, ilipata jina kwa wakimbizi. La hasha! Mwanzoni mwa 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka Ikulu ya Marekani mwaka mmoja tu kabla, alipiga hema huko kuwinda faru weupe. Yeye na mwanawe Kermit waliangusha tisa. Leo faru weupe wa kaskazini waliobaki duniani ni wawili, Najin na Fatu, majike watupu, na wanalindwa Ol Pejeta, Kenya. Basi, kwa kuwa ilikuwa ya wawindaji, "camp" ya jina hilo mvuvi wa pwani angeiita dago, yaani kambi ya muda. Kambi ya wakimbizi ilikuja miongo mingi baadaye.

Mjapani ni mwenzetu
Mpunga, mchele, wali: Mwingereza yote hayo huyaita "rice". Mjapani hagawi vibaya hata kidogo. Shambani ni ine, guniani ni kome, sahanini ni gohan. Akiletewa "rice" atafsiri, kwanza aulize: imeiva jikoni au bado? Tena gohan ni "chakula" chenyewe, kama vile Arua mtu anavyoweza kula vitu vitatu akalalamika hajala, kwa sababu enyasa, ugali wa huko, haikuwapo. Waganda wa Kampala hawajisumbui: omuceere tangu gunia hadi sahani.

Shangazi si mama mdogo
"Aunt" ya Kiingereza huwachanganya wote wawili. Mlugbara hakubali: dada wa baba ni awupi, basi.

Nyumba ya dawa
Hospitali kwa Kilugbara ni arojo: aro ni dawa, jo ni nyumba. Kila nikilisikia huwa naifikiria dawa yetu ya viatu, kama nayo ingepewa kitanda humo.