Mkono wa Kwanza Uende kwenye Swichi

Sugoi, magharibi mwa Eldoret, ni nchi ya mahindi na maziwa, na stima ndiyo inayosaga unga, kukatakata majani ya ng'ombe na kuchomelea mageti. Waya wa mota ukichubuka, msagaji mwenye mikono yenye jasho anaweza kunaswa.

Stima ya nyumbani nchini Kenya ni ya volti 240. Zikipita mkononi miliampea 10 hadi 16 hivi, misuli hukaza, vidole vikafumbata chuma na mtu akashindwa kuachia. Zikipita kifuani miliampea 100, moyo huacha kupiga na kubaki ukitetemeka bila kusukuma damu. Ngozi iliyolowa hupitisha kiasi hicho kwa urahisi. Fyuzi ya ampea 13 haitamwokoa, kwani kiwango chake ni zaidi ya mara mia ya hicho. Kinachofaa ni kifaa cha kukata stima inayovuja, ambacho hukata kwenye miliampea 30.

Mwenzako akinaswa, usimshike: stima itapita kwako pia. Zima swichi kuu. Ikiwa haifikiki, simama juu ya ubao mkavu, umsukume kwa mti mkavu. Ila waya wa nguzoni ukianguka, mti hausaidii. Kaeni mbali nao, muwaite Kenya Power.

Stima ikishakatika, mwite. Asipoitika wala kupumua vizuri, mmoja apige 999 au 112 huku mwingine akikandamiza katikati ya kifua, sentimita 5 hadi 6 kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuchoka hadi msaada ufike. Mbinu hii yenyewe ina asili ya stima: William Kouwenhoven, mhandisi wa umeme wa Marekani aliyechunguza vifo vya mafundi wa nguzoni, aliitangaza na wenzake mwaka 1960.

Aliyeinuka mwenyewe naye apelekwe hospitali. Kidonda kinaweza kuwa kidogo kidoleni ilhali misuli ya ndani imeungua, au mapigo ya moyo yamevurugika.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awe na vifaa vya huduma ya kwanza na aripoti ajali. Lakini dakika ile huamuliwa na jambo dogo zaidi: kama swichi kuu inafikika, au imezibwa na magunia ya mahindi. Yahamisheni leo, na kila mfanyakazi aonyeshwe ilipo.