Niko kwenye staji: neno moja, hali tatu

Matokeo yakiisha kubandikwa, swali la kwanza nyumbani si "umepata ngapi?", ni "sasa unafanya wapi?" Na sisi tunaomaliza Lugha tuna jibu letu: "Niko kwenye staji." Mama anafurahi, majirani wanafurahi. Miezi sita ikipita jibu ni lile lile, na mama ndiye bado anatoa pesa ya transporo kila asubuhi.

Ubaya hauko katika staji yenyewe. Uko katika neno, kwa sababu hapa kwetu "staji" inafunika hali tatu zisizofanana, na asiyejua yuko katika ipi hawezi kujua anadai nini wala atoke lini.

Hali ya kwanza ni staji ya masomo, na juu ya hiyo sina mengi ya kusema. Chuo kinatoa barua, kuna tarehe ya kuanza na ya kuisha, kuna mwalimu wa kukufuata, mwishoni kuna ripoti na pointi. Halipwi mtu, na hakuna anayeshangaa: malipo ni pointi zile. Mwenye kufanya agrejasio anajua habari ya kusimama mbele ya darasa la tano huku mwalimu wa darasa ameketi nyuma na kalamu nyekundu.

Ya pili inaanza siku diploma iko mkononi. Unaingia katika ofisi, radio, kampuni au shirika, unaambiwa "fanya kwanza staji, tutaona." Unakuja saa mbili kamili, unatafsiri barua, unapokea wageni, ukichelewa unakaripiwa. Kwa maneno mengine unafanya kazi chini ya amri ya mtu. Basi ni vema kujua kwamba Sheria ya Kazi ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, ina jina lake kwa muda wa kumpima mtu: inauita jaribio. Jaribio linaandikwa kwenye karatasi. Haliwezi kupita mwezi 1 kwa mfanyakazi wa mikono asiye na ufundi, wala miezi 6 kwa wengine. Na aliye katika jaribio ni mfanyakazi, ana haki ya mshahara. Mwajiri anayesema "staji" badala ya "jaribio" mara nyingi hakosei Kifaransa. Amechagua neno ambalo halimdai mshahara. Sisi watu wa lugha tungepaswa kuwa wa kwanza kulisikia hilo.

Hali ya tatu ni kungoja. Hii inawahusu wengi wetu kuliko zile mbili, maana wengi tutaishia ubaoni. Shule ina upungufu wa mwalimu wa Kifaransa au Kiingereza. Prefe anakupokea, anakupa saa 18 kwa juma, jina lako linapelekwa ili uandikwe kwenye orodha ya malipo ya Serikali. Mpaka hapo wewe ni N.U., mwalimu mpya ambaye bado hajamekanizwa. Zamani pengo hilo lilizibwa na prime ya wazazi. Mwezi wa tisa 2019 elimu ya msingi ya Serikali ilipofanywa bure, prime ile ikakatwa katika shule za msingi, na N.U. wengi wakabaki na chaki tu. Katika sekondari wazazi waliendelea kutoa, kwa hiyo N.U. wa sekondari anakula kile kinachobaki katika kisanduku cha shule. Mwalimu wa namna hii hajitolei, wala hayuko kwenye staji. Anaikopesha Serikali kazi yake, bila karatasi inayoonyesha deni.

Na kujitolea kwenyewe je? Kupo, na ni kitu cha heshima, lakini alama yake ni kwamba unaweza kusema "leo siji" na hakuna wa kukufukuza. Mtu wa Msalaba Mwekundu anayezunguka mtaani kueleza habari za kipindupindu anajua amejitolea. Hata wale wanaoitwa wajitoleaji wa Umoja wa Mataifa, mpango ulioanzishwa mwaka 1970, wanapewa posho ya kila mwezi ya kuishi. Jina lao lisikudanganye ukafikiri wanakula hewa.

Kwa watafsiri kuna mfano ambao ningependa kila mmoja wetu aujue. Ebola ilipotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 mwezi wa nane 2018, moja ya mashirika yaliyofika ni Traducteurs sans Frontières, lililozaliwa Ufaransa mwaka 1993 na linalotegemea sana watafsiri wa kujitolea. Mwaka 2019 wakachunguza mjini Goma kama watu wanaelewa ujumbe wa ugonjwa. Wakakuta kwamba Kifaransa na Kiswahili sanifu vilikuwa vinawapita watu wengi. Walitaka kuelezwa kwa Kiswahili cha kwao, kwa maneno mepesi. Kujua tofauti ya Kiswahili cha kitabu na kile cha sokoni, jambo ambalo wengine wanatucheka tukilisomea, kulikuwa na uzito katika maisha ya watu. Aliyetafsiri huko bila mshahara alitoka na maandiko yake mwenyewe ya kuonyesha. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia: kazi isiyolipwa ikiisha, mkononi mwangu kuna nini?

Maana inagharimu. Hebu tupige hesabu bila hata kutaja franka. Anayekaa Ruashi na kufanya staji upande wa pili wa Lubumbashi anapanda, tuseme, bisi mbili kwenda na mbili kurudi. Kwa siku 22 za kazi ni safari 88 kwa mwezi. Kwa miezi sita ni 528. Hapo hatujasema chakula cha mchana. Mtoto wa mwenye duka atazimaliza safari hizo bila kuhesabu. Mwenye mama anayeuza unga kwa bakuli atakomea mwezi wa pili, na ofisini watasema hakuwa na moyo. Ndiyo sababu pesa ya transporo ni jambo la kwanza la kuuliza, na kuuliza si kukosa adabu.

Mengine ya kuuliza ni tarehe ya mwisho, jina la mtu atakayenifundisha, na atestasio itasainiwa na nani. Wengi wanaogopa kuonekana wenye kiburi. Basi sema polepole: "Papa Direkta, naomba tuandike tarehe ya kuisha, nyumbani wananiuliza." Direkta mwenye nia njema ataandika. Mwingine atacheka na kusema "karatasi za nini, mdogo, sisi ni jamaa." Hilo nalo ni jibu. Wakati huo huo jiandikishe ONEM, ofisi ya kazi ya taifa iliyoundwa mwaka 2002, na upite INPP, ambayo tangu 1964 inafundisha ufundi na kazi za ofisi. Staji isikufunge macho usione milango mingine.

Mimi nilifanya staji ya namna ya pili katika radio moja ya mji, nikitafsiri habari za asubuhi. Hakukuwa na karatasi. Nilichofanya kizuri ni kimoja: kila habari niliyotafsiri niliinakili katika daftari, na tarehe yake. Mwezi wa saba yaya yangu aliacha kunipa transporo, nami nikaacha kwenda. Mkubwa wa programu aliniambia mlango uko wazi. Nilirudi mara tatu kuomba atestasio. Mara ya tatu niliipata, imeandikwa miezi mitatu badala ya sita, na postnom yangu ina kosa. Niliichukua hivyo hivyo, nikaiweka ndani ya daftari. Nikienda kuomba kazi ya kutafsiri, ni daftari ninalofungua kwanza.