Acheni Kuuliza Nani Atamnyoosha Mtoto

"Huyu mtoto tumpeleke wapi wakamnyooshe?" Sisi wa ustawi wa jamii tumechoka na swali hili. Ukidodosa kidogo, unakuta baba anampiga mama, au mlezi amezama kwenye pombe, au ndugu wanagombea nyumba ya marehemu huku mtoto akirushwa huku na kule. Mnataka kumnyoosha asiyepinda.

Kuna dawa moja inayopendwa mno: kumtia mtoto hofu. Anapelekwa kituo cha polisi "wamtishe kidogo" ili ashike adabu. Dawa hiyo imeshapimwa. Katika gereza la Rahway, New Jersey, Marekani, wafungwa wa vifungo vya maisha walikuwa wakiwafokea vijana watukutu ili waiogope jela. Filamu ya mwaka 1978 kuhusu mpango huo ilipata tuzo ya Oscar, na watu wa kwingine wakauiga. Mtafiti James Finckenauer alipowafuatilia vijana kwa miezi sita, asilimia 41 ya waliopitia mpango huo walikuwa wametenda makosa mapya. Kati ya wenzao ambao hawakuupitia, ni asilimia 11 tu. Tafiti zilizofuata, zilipojumlishwa, zilitoa jibu lilelile: heri kumwacha mtoto kuliko kumtisha.

Ingekuwaje vinginevyo? Mtoto anayelala akisikilizia hatua za baba mlangoni hana upungufu wa hofu. Hofu hiyo ndiyo inayomfanya asinzie darasani, ashtuke kwa kelele ndogo na arushe ngumi kabla hajaguswa. Mnamwongezea ya nini?

Anachokikosa ni utulivu, na hapo ndipo vikundi vya vijana mtaani vinapofaa. Huko Mathare, Nairobi, chama cha michezo cha vijana, MYSA, kimewakusanya vijana kwa soka tangu 1987, na timu hujipatia pointi za ligi kwa kuzoa taka mtaani. Mtoto anapata ratiba isiyoyumba, kazi ya heshima na mtu mzima yuleyule kila wiki. Kocha makini humwona anayechelewa kusudi kufungua viatu, anayeng'ang'ania kukusanya koni wakati wenzake wameshaondoka. Huyo anaogopa kurudi nyumbani. Kocha anakaa naye kwenye benchi, panapoonekana na watu, anamuuliza taratibu.

Basi, kabla ya kumwandikisha, ulizeni: mlezi wa kikundi atadumu angalau mwaka mzima? Maana anayetoweka baada ya wiki chache humwumiza mtoto upya. Anakaa na watoto faragha? Kama ndiyo, ondokeni. Wasichana wana nafasi yao uwanjani? Kikundi kinamjua afisa ustawi wa jamii? Mtoto akiwa hatarini, pigeni 116 bila malipo, Tanzania au Kenya, leo hii. Na akishapata pa kukimbilia, mshughulikieni mtu mzima anayemfanya akimbie.