Utunzaji wa Konveya Viwandani: Kazi ya Kila Shifti

Katika viwanda vya saruji vya Bamburi, Wazo Hill na Tanga, katika viwanda vya sukari vya Kilombero na Kakira, na katika bandari ambazo nafaka hushushwa melini bila kutiwa magunia, mzigo huhamishwa kutoka hatua moja ya kazi hadi nyingine kwa mkanda mpana unaozunguka mchana na usiku, ambao mafundi wengi huuita konveya. Mtambo huu haupewi heshima inayopewa tanuri au kinu, na mara nyingi huwekwa mwisho katika ratiba ya matengenezo, ilhali ukisimama mkanda mmoja tu, mashine zilizo mbele yake hukosa mzigo na zilizo nyuma yake hulazimika kuzimwa. Hoja ya makala haya ni kwamba sehemu kubwa ya hitilafu za konveya huanzia katika mambo mawili yasiyohitaji vifaa vya gharama kuyazuia, yaani uchafu unaoachwa ujikusanye na rola iliyokwama bila kubadilishwa, na kwamba mtu anayetembea kando ya mkanda kila shifti, akijua anachokitazama na anachokisikiliza, ndiye kinga ya kwanza ya mtambo.

Muundo wa konveya si mgumu kuuelewa. Ndani ya mkanda kuna tabaka za kitambaa kigumu au nyaya za chuma, ambazo ndizo zinazohimili mvuto, na juu na chini yake kuna mpira unaozikinga dhidi ya mikwaruzo na maji. Mkanda huzungushwa kwenye ngoma mbili kubwa za chuma: ngoma ya mbele, ambako mzigo hudondokea na ambako kwa kawaida mota na gia huunganishwa, na ngoma ya mkiani, ambako mkanda hugeuka kwenda kupokea mzigo mpya. Kati ya ngoma hizo mkanda hulala juu ya rola, ambazo ni mirija ya chuma inayozunguka kwa beringi mbili, moja kila ncha. Upande wa juu rola hupangwa tatu tatu, za pembeni zikiinuliwa, mara nyingi kwa nyuzi 35, ili mkanda ukunjike katikati na mzigo usimwagike. Upande wa chini, mkanda unaporudi, rola moja iliyonyooka hutosha. Mpangilio huu haujabadilika sana tangu Mmarekani Thomas Robins alipoanza mwaka 1892 kuunda mikanda ya kubebea mawe ya madini kwa ajili ya mtambo wa Thomas Edison huko New Jersey, na ndio unaotumika hata katika konveya ya fosfeti ya Bou Craa, Sahara Magharibi, ambayo ina urefu wa karibu kilomita 100 hadi baharini.

Mkanda unaorudi husemwa kuwa ni mtupu, lakini hauwi mtupu kamwe, na hapo ndipo matatizo mengi huzaliwa. Vumbi la chokaa lenye unyevu, sukari ghafi au udongo hung'ang'ania uso wa mkanda hata baada ya mzigo kudondoka, kisha huanguka kidogo kidogo njiani au kuganda kwenye rola za chini. Kwa macho kiasi hicho huonekana hakina uzito, ila hesabu husema vingine: mkanda wenye upana wa mita 1 unaokwenda mita 2 kwa sekunde, ukibaki na gramu 10 tu katika kila mita ya mraba, hurudi na gramu 20 kila sekunde, ambazo ni kilo 72 kwa saa, na katika siku yenye saa 20 za kazi huwa kilo 1,440. Hata kama ni sehemu tu ya uzito huo inayoanguka njiani, hufunika rola, hujaa kuzunguka ngoma ya mkiani, na hatimaye mtu hutumwa na koleo kwenda kuuondoa mahali ambapo hakuna mtu anayepaswa kuwa mtambo unapozunguka.

Kinachozuia hali hiyo ni kikwaruzo, yaani ubapa wa plastiki ngumu au wa chuma kigumu unaobanwa kwa springi dhidi ya uso wa mkanda. Kikwaruzo cha kwanza hukaa mbele ya ngoma, chini kidogo ya mahali mzigo unapodondokea, na cha pili hukaa mara tu mkanda unapoiacha ngoma, kikimalizia chembe laini zilizoponyoka. Ubapa huliwa kadiri unavyofanya kazi, kwa hiyo kikwaruzo kilichofungwa vizuri mwezi uliopita huenda leo hakigusi mkanda, jambo ambalo fundi hulitambua kwa kutazama uso wa mkanda unaorudi. Wapo wasimamizi wanaoamini kwamba kukibana zaidi ndiko kusafisha zaidi; imani hiyo ni potofu, kwa sababu kikwaruzo kilichobanwa kupita kiasi hutetemeka, hula mpira wa mkanda, na hunasa kwenye maungio. Upande wa ndani wa mkanda nao huhitaji plau ndogo yenye umbo la V, inayowekwa karibu na ngoma ya mkiani, kwani jiwe moja lililoangukia ndani na kubanwa kati ya mkanda na ngoma linaweza kuutoboa mkanda mpya siku ile ile ulipofungwa.

Uchafu huo huo ni miongoni mwa sababu kuu za mkanda kwenda upande, kasoro ambayo mafundi hupoteza saa nyingi wakiitibu bila kuitafutia chanzo. Kanuni ya msingi ni kwamba mkanda huelekea kwenye ile ncha ya rola ambayo huifikia kwanza. Kwa hiyo rola iliyokaa kimshazari huusukuma mkanda pembeni, na rola iliyogandiwa na tope upande mmoja haina tena mzingo ulio sawa, nayo huupotosha vilevile. Kabla ya kugusa bolti yoyote, fundi hutazama mkanda ukizunguka na kujiuliza swali moja: je, ni sehemu ile ile ya mkanda inayokwenda upande kila inapopita, au ni mahali pale pale penye fremu ambapo mkanda wote huenda upande? Likiwa la kwanza, kosa limo ndani ya mkanda wenyewe, mara nyingi katika maungio yaliyokatwa bila pembe mraba. Likiwa la pili, kosa limo katika rola au fremu ya mahali hapo, au hatua chache kabla yake. Konveya inayokwenda upande ikiwa na mzigo na kunyooka ikiwa tupu haina kosa la rola, bali mzigo unaingia bila kulenga katikati, na kinachostahili kurekebishwa ni mdomo wa kumiminia. Marekebisho hufanywa kidogo kidogo, mtambo ukiwa umezimwa, kisha mkanda huachwa uzunguke mara mbili au tatu kabla ya hukumu kutolewa, maana matokeo hayaonekani papo hapo.

Kuhusu rola, wingi wake ndio unaozifanya zisahaulike. Konveya yenye urefu wa mita 200, ikiwa na seti ya rola tatu kila mita 1.2, hubeba takriban rola 500 upande wa juu pekee, ambazo zina beringi 1,000. Rola yenye kipenyo cha milimita 127, mkanda ukienda mita 2 kwa sekunde, huzunguka karibu mara 300 kwa dakika, au mara 360,000 katika saa 20. Rola inayokaribia kufa hutoa ishara mapema: kwanza sauti ya kukwaruza, kisha joto, kisha hukwama, na mkanda unaopita juu yake huula mrija mpaka ukawa mwembamba wenye makali ya kisu. Rola ya aina hiyo hubadilishwa mara ya kwanza mtambo unaposimamishwa, wala haingojwi mwisho wa mwezi.

Kusitasita katika jambo hili kumeua watu. Tarehe 26 Septemba 1950, katika mgodi wa makaa ya mawe wa Creswell, Derbyshire, Uingereza, mkanda uliochanika ulikwama penye makutano ya konveya, msuguano ukawasha moto, na wachimbaji 80 wakafa. Tarehe 19 Januari 2006, katika mgodi wa Aracoma Alma, West Virginia, mkanda uliokwenda upande na kusuguana na mtambo ulizua moto uliowaua wachimbaji 2. Kwa viwanda vya sukari, somo kubwa zaidi liko Port Wentworth, Georgia, ambako tarehe 7 Februari 2008 vumbi la sukari lililipuka katika kiwanda cha Imperial Sugar na watu 14 wakapoteza maisha. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walibaini kwamba mlipuko wa kwanza ulitokea ndani ya konveya iliyokuwa imefunikwa chini ya maghala, na wakaitaja beringi iliyopata moto kupita kiasi kuwa chanzo kinachoelekea zaidi. Milipuko iliyofuata ililishwa na vumbi lililokuwa limerundikana jengoni. Unga wa mahindi na ngano una hatari ya namna hiyo hiyo.

Mvuto wa mkanda nao hupimwa kwa uangalifu. Ukilegea, ngoma huteleza chini yake na joto hupanda. Ukikazwa mno, maungio na beringi za ngoma ndizo hulipa. Katika konveya ndefu mvuto hutunzwa na uzito unaoning'inia, ambao lazima upande na kushuka kwa uhuru, kwa hiyo kokoto zilizojaa ndani ya reli zake huondolewa. Grisi hutiwa kwa kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji, kwani beringi iliyoshindiliwa grisi hupata joto na kupasua sili zake, na rola nyingi za kisasa hazitiwi grisi kabisa.

Hakuna hata moja kati ya kazi hizi za mikono inayofanywa mkanda ukizunguka. Kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde, nusu sekunde ya mshtuko hutosha mkono kuvutwa mita nzima, na kamba ya dharura iliyo kando ya konveya, ambayo hupaswa kujaribiwa mara kwa mara, haiwezi kuurudisha. Utaratibu sahihi ni kuzima umeme kwenye swichi kuu, kila fundi kufunga kufuli lake na kubaki na ufunguo wake mwenyewe, kisha kubonyeza kitufe cha kuwashia ili kuhakikisha kwamba mtambo hauwaki. Hata hapo mkanda uliobeba mzigo kwenye mwinuko unaweza kurudi nyuma, na uzito wa mvuto unaweza kushuka, mpaka vyote viwili vizuiwe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 na ile ya Tanzania ya mwaka 2003 zote zinataka sehemu hatari za mashine ziwekewe kinga, na kinga iliyofunguliwa kwa ajili ya matengenezo hurudishwa kabla kufuli la mwisho halijatolewa.

Viwanda vingi huikabidhi kazi ya kufagia chini ya konveya kwa vibarua wa siku moja, wasiofundishwa chochote kuhusu mtambo ulio juu ya vichwa vyao. Wamiliki na mameneja wanaombwa wabadilishe desturi hiyo: wawafundishe watu hao dalili za rola mbovu na za mkanda uliokwenda upande, wawape daftari la kuandika wanachokiona, na wawape kwa maandishi mamlaka ya kuusimamisha mtambo bila kumngoja msimamizi.