Kale Mbili za Japani: Horyuji na Ise

Wahenga walinena kwamba ya kale ni dhahabu. Hata hivyo, methali hii haielezi iwapo ukale wa jengo umo katika mbao zake au katika ujuzi wa walioijenga nyumba hiyo. Mgeni anayezuru Japani hupata majibu mawili katika mahekalu mawili.

Jibu la kwanza liko Horyuji, hekalu la Kibudha lililo karibu na mji wa Nara. Kwa mujibu wa mapokeo, lilianzishwa mwaka wa 607, likateketea mwaka wa 670, kisha likajengwa upya. Majengo yake makuu ni miongoni mwa majengo ya mbao yaliyo makongwe zaidi duniani. Nguzo ya kati ya mnara wake wa ghorofa tano ilitokana na mti wa hinoki uliokatwa yapata mwaka wa 594. Hapa mgeni huunganisha viganja kimya kimya, bila kupiga makofi, mbele ya nguzo zilizowaona mababu.

Jibu la pili liko Ise, penye hekalu la Kishinto la Amaterasu, mungu wa kike wa jua. Mgeni hupita chini ya lango liitwalo torii, hunawa mikono na kusukutua kinywa. Kisha huinama mara mbili, hupiga makofi mawili na kuinama tena. Haruhusiwi kuingia ndani. Huona paa tu juu ya ua wa mbao. Kando yake upo uwanja mtupu unaosubiri hekalu lijalo. Tangu mwaka wa 690, hekalu hili hujengwa upya takriban kila baada ya miaka 20, ingawa vita vya karne za 15 na 16 viliukatiza utaratibu huo kwa zaidi ya miaka 120. Ujenzi wa 62 ulikamilika mwaka wa 2013. Mbao kuukuu hugawiwa mahekalu mengine.

Kila njia ina hatari yake. Mwaka wa 1949, moto uliunguza michoro ya ukutani ya Horyuji; sheria ya kulinda turathi ikapitishwa mwaka uliofuata. Kilichoungua hakikurudi. Huko Ise, vijana wasipofunzwa useremala na wazee wao, uwanja mtupu utabaki mtupu. Hata Horyuji isingedumu bila mafundi wa kuikarabati. Dhahabu ya kale, basi, huhitaji mikono ya kuirithi.