Askari wa Kijiji Humjibu Nani?

Ndugu msomaji, tuseme wewe ni mama wa nyumba huko Ulowa, au Bulungwa, au kijiji cho chote cha Ushetu. Jua limeanza kupanda, nawe umekaa uwanjani wapepeta mchele. Mara waingia vijana wawili wa mgambo, mmoja ana rungu, wa pili ana daftari. Wakuamkia vizuri, nawe waitika. Kisha wakuambia ya kwamba mbuzi wako wawili wameonekana asubuhi katika shamba la shule, na sheria ya kijiji yataka faini.

"Mama, ni elfu ishirini. Ukitoa sasa hivi, yamekwisha."

"Na nisipotoa, wanangu?"

"Basi twende ofisini. Huko utatoa elfu hamsini."

Mama afikiri kidogo. Baba watoto yuko shambani kwenye tumbaku, fedha ya sare ya mtoto imefungwa katika ncha ya khanga. Aifungua, atoa. Vijana washukuru, waenda zao. Karatasi hawakuandika. Jioni baba arudi na kuuliza, "Nani amekutoza?" Mama ajibu neno moja tu: "Serikali."

Je, ilikuwa Serikali kweli? Hilo ndilo tunalotaka kuliangalia leo, maana wengi wetu tukiona mtu mwenye rungu, au mwenye kofia, au mwenye daftari, twamwita Serikali, tukanyamaza. Kumbe walinzi walio kati yetu si wa namna moja, na kila mmoja ana bwana wake wa kumjibu. Usipomjua bwana wake, malalamiko yako utayapeleka kwa jirani, na kwa jirani yatakwisha.

Tuanze na polisi. Jeshi la Polisi la nchi yetu ni moja tu. Mkubwa wake ni Inspekta Jenerali, naye huteuliwa na Rais. Wizara yake ni ile ya Mambo ya Ndani. Polisi wa Kahama humjibu mkuu wao wa wilaya, naye humjibu kamanda wa mkoa aliye Shinyanga, na hivyo mpaka juu. Mji wa Kahama ulipata hadhi ya manispaa mwaka 2021, lakini meya wake na madiwani wake wote pamoja hawawezi kumhamisha konstebo mmoja kutoka kituo hiki kwenda kile. Si nchi zote zilizo hivyo. Huko Uingereza sheria ya mwaka 1835 iliagiza kila halmashauri ya mji iweke kamati ya kuwasimamia polisi wa mji wake. Lakini Waingereza hao hao walipotutawala hawakutuletea desturi hiyo. Walituletea polisi wanaotazama makao makuu, nasi tulipopata Uhuru tukaendelea nao vivyo hivyo.

Basi diwani wako afanye nini? Anaweza kusema katika baraza, na maneno yake huandikwa. Anaweza kumwendea Mkuu wa Wilaya, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya. Mbunge naye aweza kumwuliza Waziri katika Bunge. Ni njia ndefu, nakubali. Lakini watu wa mkoa wetu wa Shinyanga wanayo sababu ya kukumbuka ya kwamba njia hiyo ndefu iliwahi kumfikia mkubwa sana.

Katika miaka ya 1970 yalitokea mauaji mengi ya watu walioshukiwa uchawi katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Serikali ikaamuru wauaji watafutwe. Watu wengi wakakamatwa, na katika kuhojiwa wengine waliteswa, hata wengine wakafa mikononi mwa walinzi waliopaswa kuwalinda. Habari ilipojulikana, Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati ule, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu mwaka 1977. Yeye hakumpiga mtu. Hakuwako hata katika vyumba vile. Lakini waliofanya walikuwa chini ya wizara yake, akaona yampasa kutoka katika kiti. Baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani. Miaka minane baadaye, mwaka 1985, Mwinyi huyo huyo alichaguliwa kuwa Rais.

Zimamoto tutapita upesi. Zamani vikosi vya zimamoto vilikuwa mali ya halmashauri za miji. Sheria ya mwaka 2007 ikaviunganisha kuwa Jeshi moja la Zimamoto na Uokoaji, nalo liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani kama polisi. Kwa hiyo soko likiungua na gari likachelewa, watu humzomea meya, na meya husema gari si lake. Ni kweli, gari si lake. Lakini njia ya kupita gari ni kazi ya halmashauri, na kibali cha kujenga hutoka katika halmashauri. Vibanda vikijengwa vimebanana hata mkokoteni haupiti, hapo mwulize meya bila haya. Namba ya kuwaita zimamoto ni 114, na ya polisi ni 112. Nanyi mnaokausha tumbaku katika mabani, mwajua wenyewe ya kwamba bani likishika moto usiku, mbali huko porini, gari la mjini litakuta majivu. Huko mlinzi wa kwanza ni pipa la maji na majirani wanaosikia yowe.

Na hilo yowe latuleta kwenye habari yenyewe ya nchi yetu hii.

Wazee wa Kahama hawahitaji kuelezwa sungusungu ni nini, lakini vijana wafaa kuelezwa, maana jambo hili lilizaliwa hapa hapa, mpakani mwa Kahama na Nzega, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vita ya Kagera ilikuwa imekwisha mwaka 1979, bunduki zikazagaa, na wezi wa ng'ombe wakawa hawaogopi mchana wala usiku. Kituo cha polisi kilikuwa mbali. Tena mwizi aliyepelekwa kituoni Jumatatu alionekana mnadani Alhamisi, akicheka. Na wakati ule halmashauri za wilaya hazikuwako kabisa, kwa kuwa zilikuwa zimevunjwa mwaka 1972 na hazikurudi mpaka 1984. Mwananchi hakuwa na diwani wa kumlilia.

Ndipo watu wakajipanga wenyewe. Kila kijiji kikaweka viongozi wake, nao wakaitwa kwa majina ya zamani, ntemi na wenzake, pamoja na makamanda wa vijana. Silaha zao zilikuwa upinde na mishale, na filimbi mdomoni. Mwano ukipigwa, kila mwanamume hutoka, na kijiji cha pili hupokea, na cha tatu, hata mwizi ajikuta amezungukwa pande zote. Wengine waliwaita basalama, yaani watu wa amani. Ng'ombe wakatulia mazizini. Nani angekataa jambo kama hilo?

Viongozi wa Chama na wa Serikali waliwasifu, bali polisi na mahakimu waliwatazama kwa jicho la shaka. Na tuseme kweli, pande zote mbili zilikuwa na sababu. Maana sungusungu wale wale waliomkamata mwizi ndio waliomhukumu, tena ndio waliopokea faini, mara nyingi ng'ombe. Asiyetii alitengwa: hasaidiwi shambani, haazimwi moto, hata msiba wake hauhudhuriwi. Mahali pengine walianza na mwizi wakaishia kwa bibi kizee aliyesingiziwa uchawi. Mahali pengine mtu alipigwa mpaka akafa, kisha ikaonekana ng'ombe alikuwa amepotea tu mbugani. Mishale ile haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwamba mkono mmoja ulikamata, ukahukumu na ukapokea, wala hapakuwa na mtu wa kuuliza.

Mwaka 1989 Bunge lilibadili sheria za mgambo, na sungusungu wakapewa nguvu ya kukamata sawa na konstebo wa polisi. Angalia neno hilo, msomaji: kukamata. Kuhukumu hawakupewa. Mtu akikamatwa, shuruti apelekwe polisi bila kukawia, na polisi nao wanayo masaa 24 ya kumfikisha mahakamani au kumpa dhamana, kadiri ya kosa lake. Ajabu ni kwamba Rais wakati sheria hiyo inapita alikuwa Mwinyi, yule yule aliyejua kwa gharama yake mwenyewe ni nini huweza kutokea mlinzi asipoulizwa.

Basi turudi kwa mama yetu na mbuzi wake. Vijana wale wa mgambo si polisi. Walitumwa na nani? Kijiji kina halmashauri yake ya watu 15 mpaka 25, na ndani yake kuna kamati ya ulinzi na usalama. Kuna mwenyekiti, anayechaguliwa na wanakijiji. Mara ya mwisho tulipiga kura hizo tarehe 27 Novemba 2024. Na kuna mtendaji wa kijiji, aliyeajiriwa, ambaye ndiye mlinzi wa amani na mtunza vitabu. Hao ndio waliowatuma, au ndio wanaopaswa kujua kama vijana wamejituma wenyewe.

Na sheria ndogo yenyewe haiwi sheria kwa sababu mtendaji ameiandika ubaoni. Chini ya sheria ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji huitunga, mkutano mkuu wa kijiji huijadili, kisha hupelekwa kwa halmashauri ya wilaya, na isipokubaliwa huko haina nguvu. Mkutano mkuu huo ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, mwanamume kwa mwanamke, naye mama yetu yumo. Hapaswi kuomba ruhusa ya mumewe ili aulize swali. Wanaokaa Kahama mjini shauri lao ni jingine kidogo, kwa kuwa mtaa hautungi sheria. Manispaa ndiyo hutunga, na Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa ndiye hukubali. Tena huko Kakola na pande za mgodi wa Bulyanhulu, ambako wageni huingia kila siku wakitafuta dhahabu, mtu aweza kutozwa mara tatu kwa siku na watu watatu asiowajua, naye akadhani ndiyo desturi ya nchi.

Mimi mwenyewe niliwahi kusimamishwa katika mji mmoja kwa kosa la baiskeli. Nikalipa nikanyamaza, maana nilikuwa na haraka. Mpaka leo sijui fedha ile ililala wapi, na kosa la kutouliza ni langu.

Huenda mbuzi wa mama waliingia kweli katika shamba la shule. Hatumtetei mbuzi. Mahindi ya watoto wa shule ni mahindi, na sheria ya mifugo ni njema. Lakini faini ya halali huacha alama: jina, kosa, kiasi, tarehe, na stakabadhi mkononi mwa aliyelipa. Na yule anayesema kosa si lake ana haki ya kusikilizwa mahali palipowekwa na sheria. Ule uwanja wa kupepetea mchele haukuwekwa na sheria. Na ile bei mbili, elfu ishirini nyumbani na elfu hamsini ofisini, ingetosha peke yake kumfanya mama akunje khanga yake na kusema, "Haya wanangu, twendeni huko ofisini." Huenda wangekumbuka kazi nyingine njiani.

Mkutano mkuu wa kijiji hupasa kukutana angalau mara moja kila miezi mitatu, na humo mapato na matumizi hupasa kusomwa. Kama kwenu haujaitishwa tangu mavuno ya mwaka jana, hilo ni jambo la kwanza la kumwambia mwenyekiti, tena mwambieni mkiwa watu kumi. Ukiitishwa, msikae nyuma chini ya mwembe mkinong'onezana. Ombeni msomewe faini za mgambo, moja moja, na aliyelipa anyoshe mkono kama jina lake limo au halimo. Naye mtendaji akijibu kwamba daftari limefungiwa kabatini na ufunguo uko Kahama mjini, mwambieni kwa heshima ya kwamba mtamngoja hapo hapo mpaka arudi nao.